Lori Jipya la Keza

Jumatatu, 15 Januari 1979

Nimehesabu rafu ya tatu na ya nne. Feni belti kumi na moja. Sahani za klachi, sifuri. Stata, sifuri. Nozeli, sifuri. Mipira ya breki imebaki miwili na mmoja umegugunwa na panya. Panya wa Biharamulo wanakula raba siku hizi. Vita vimewafikia na wao.

Karakana wameleta hati tatu za kuomba spea kabla ya saa nne. Zote nimezigonga HAMNA. Muhuri huo nilichongewa na fundi viatu kwa soli ya ndala, maana nilichoka kuandika neno lilelile. Mwaka juzi mafundi waliucheka. Sasa wakiuona wananuna.

Idara tatu katika ua mmoja. Mauzo upande wa barabarani, stoo yangu katikati, karakana nyuma. Ukipiga chafya Mauzo, karakana wanasikia. Lakini hakuna anayemwamini mwenzake hata kwa kiberiti.

Nimefunga saa tisa na nusu. Mguu wa kushoto unauma.

Jumatano, 17 Januari

Ndugu Deogratias wa Mauzo ameingia stoo akipiga mluzi. Akija na mluzi ujue ana habari au ana shida. Leo ni habari. Kibali cha kijiji cha Keza kimefika, na lori jipya lililosimama uani ni lao. Watakuja kulichukua Jumamosi ya tarehe 24 Februari.

Ndilo lori jipya pekee tulilobaki nalo. Kampuni ya umma ya kuuza magari, gari la kuuza ni moja! La kijani, tani saba. Liliingia siku chache kabla ya vita. Mengine yote yamekwenda vitani, mpakani mwa Uganda.

Nimefurahi mpaka Deo akaniuliza nimepatwa na nini. Keza iko wilayani kwetu, Ngara, na mama mdogo aliolewa huko. Wamechanga kahawa misimu mitatu kwa ajili ya lori hilo. Kule mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, kile kitanda cha miti na kamba, wanaume wanane wakipokezana mabonde na vilima. Mama mdogo alibebwa hivyo, uchungu ukiwa umemshika siku ya pili. Hakufika hospitali. Kaburi lake liko kando ya njia.

Deo sikumwambia hayo. Nilimwambia tu kwamba rangi ya kijani ni nzuri.

Ijumaa, 26 Januari

Jambo la ajabu. Lori la dawa la wilaya lilisukumwa na watu kumi Jumatatu kuingia karakana. Stata imekufa. Wakaomba stata, nikagonga HAMNA. Leo asubuhi limewaka lenyewe, mara moja tu, likatoka getini. Kwa stata ipi?

Nimekwenda kwa Mzee Athumani, Fundi Mkuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba binti yangu, nikamuuliza. Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mungu ni mwema," akasema.

Mungu ni mwema, sikatai. Lakini stata haianguki kama mvua.

Jumamosi, 3 Februari

Nimehesabu stoo nzima mara mbili. Nilidhani naibiwa. Hakuna kilichopungua. Bali kimezidi, na kwa nini kimezidi najua mwenyewe.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Chini ya meza yangu kuna sanduku la mbao lililoandikwa KADI ZA ZAMANI. Ndani hamna kadi hata moja. Kuna stata moja, jenereta moja, nozeli sita na sahani ya klachi. Mpya, bado zina grisi ya kiwandani. Kwenye leja hazimo. Nimekuwa nikiweka kimoja kimoja tangu mwaka juzi.

Sikuiba. Sitaki kuuza. Karakana wakihitaji kimoja wanaomba vinne, na ukiwapa vinne vinaisha. Kwa hiyo nikaweka akiba ya dharura ya kweli. Sijui dharura ya kweli inafananaje. Lori la dawa lilisukumwa mbele ya dirisha langu nami nikaona si dharura.

Nimejisikia vibaya. Nimekula viazi.

Jumatatu, 5 Februari

Kabla gari halijakabidhiwa, stoo lazima ithibitishe vifaa vyake: jeki, spana, tairi la akiba. Deo amekwenda Nyakahura, akaniachia ufunguo. Nikaenda peke yangu. Jeki hakuna. Tairi la akiba hakuna. Nikasema labda kavifungia ofisini kwake.

Kisha nikaona nati za boneti zimekwaruzwa. Nikafungua.

Kila spea inayotoka stoo kwangu huipaka tone la rangi ya bluu, ili ikirudi niijue. Lori hili lilitoka bandarini moja kwa moja likasimama uani. Halijawahi kupata kitu kwangu hata boliti. Lakini stata yake ina tone la bluu. Jenereta yake ina tone la bluu, na namba yake nimeikuta kwenye leja: niliitoa miaka mitatu iliyopita kwa lori la pamba. Nozeli zimefunguliwa, maana rangi ya kiwandani imebanduka kwenye nati. Nikainama chini. Springi ya nyuma kushoto ina kutu nyekundu, na hili ni gari la miezi minne!

Ukilitazama kutoka barabarani ni lori jipya la kijani. Tumbo lake ni la mzee.

Sikumwita mtu. Nilifunga boneti nikarudi stoo nikakaa. Watu wa Keza wamevuna misimu mitatu.

Jumanne, 6 Februari

Nimepiga kelele leo mpaka nyundo zote zikanyamaza karakana.

Mzee Athumani hakukana. Alinipeleka kwenye benchi lake, akatoa daftari la shule chini ya sanduku la spana, akanifungulia. Yote yameandikwa kwa mwandiko wake wa madrasa, herufi zimelala upande. Novemba, springi moja kwenda kwa lori la jeshi lililovunjikia hapa likielekea Kyaka. Desemba, nozeli na klachi, lori la chakula. Kisha jenereta. Januari, stata, lori la dawa. Kila kilichotolewa kwenye lori la Keza, na kila kikuukuu kilichowekwa mahali pake.

"Nilikuletea hati, binti yangu. Ulinigongea muhuri. Askari wanangoja, wagonjwa wanangoja, na lori zima limesimama pale linaota jua. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Alikuwa na nia ya kurudisha spea zikija. Hazikuja. Mwanawe Hamisi yuko mstari wa mbele na mgambo, na tangu Krismasi hajapata barua.

Nimemtukana mtu mzima mbele ya vijana wake. Nikamwambia "wewe ni mwizi." Naye hajui kwamba vitu alivyolilia kwa hati, kimoja kimoja, viko chini ya meza yangu, napumzishia miguu juu yake.

Nyani haoni kundule.

Jumatano, 7 Februari

Sijasema kitu. Naona haya hata kwa sanduku.

Ijumaa, 9 Februari

Nimembana Deo. Kila Ijumaa anapeleka taarifa kwa wakubwa Bukoba: "Lori moja, jipya, kamili." Ameandika hivyo tangu Novemba. Kumbe anajua. Aliona boneti ikifunguliwa akageuka upande wa pili.

Sababu anayo, hakosi sababu. Akiandika "pungufu", Bukoba wataliondoa kwenye mgao na Keza watangoja miaka mingine. Hapo nilitaka kumwelewa. Nikamuuliza tairi la akiba na jeki.

"Viko salama."

Salama wapi? Kwa shemeji yake Nyakahura, mwenye lori la kubeba mihogo. Ameazima tu. Kila mtu katika ua huu ameazima tu.

Kisha akasema neno lililonichoma. Akasema wazee wa Keza watajua nini, wataona rangi, watatia sahihi, na wakishavuka geti gari ni lao na matatizo ni yao.

Deo kakulia mjini, hajui alichosema. Kwetu ng'ombe wa mahari akikabidhiwa, mpokeaji humzunguka, humshika, kisha huuliza mara moja tu: mwenye ng'ombe ana la kusema? Hapo ndipo mtoaji hutaja kilema, kama kipo. Hapigi chenga, maana watu wanasikia. Kikitajwa, wanasikilizana. Kisipotajwa na ng'ombe akavuka mlango wa zizi, mpokeaji hana malalamiko tena hata ng'ombe afe kesho yake. Atanyamaza na kuona aibu yeye.

Wazee wa Keza watanyamaza. Nawajua. Lori litakufa kwenye kilima cha kwanza, watalisukuma kando, watafunga ingobyi nyingine, na hawatarudi hapa kuuliza.

Jumapili, 11 Februari

Nimesali vibaya. Padre anasoma, mimi nahesabu nozeli.

Nimeamua.

Jumatatu, 12 Februari

Saa nne asubuhi, watu wote wakiona, nimepakia sanduku kwenye toroli nikalisukuma mpaka karakana. Gurudumu linalia kama mbuzi. Mafundi wakaacha kazi.

Mzee Athumani akafungua kifuniko. Akatoa stata, akaifuta grisi, akaigeuzageuza. Akatoa jenereta. Akahesabu nozeli, zikafika sita. Alipoiona sahani ya klachi aliketi juu ya tairi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, Mzee."

Akainuka akaenda zake msikitini, adhuhuri ilikuwa bado. Nikabaki nimesimama na toroli, mafundi wananitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema moyoni, Adela, haya umeyataka, simama hapohapo. Nikasimama.

Akarudi saa nane. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Miezi mitatu nimekuwa nalivua gari la watu kama mwizi, kumbe nguo unazo wewe. Binti yangu, wewe ni mwizi usiyeiba kitu."

Nililia. Hasira, haya, sijui. Nikamwomba radhi kwa neno la Jumanne na kwa miaka miwili. Akasema radhi ataifikiria, kwanza nimshikie taa afungue klachi. Nimemshikia taa mpaka saa kumi na mbili. Gauni limeharibika.

Alhamisi, 15 Februari

Stata imeingia. Jenereta imeingia. Nozeli zote. Klachi mpya. Lori likiwashwa linaitika kabla hujamaliza kuliita. Mzee Athumani ametabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii, halafu akakumbuka kwamba amenuna.

Imebaki springi, tairi la akiba na jeki.

Mchana Meneja ameniita. Kasikia, nani asingesikia na toroli lile. Hakufoka. Heri angefoka. Alisema jambo liishe kimyakimya. Kubwa limerekebishwa, hiyo springi ni kitu kidogo, watu wasitiwe wasiwasi. Akanisogezea orodha ya makabidhiano niitie sahihi. Imeandikwa "kamili".

Nikasema kalamu yangu haina wino. Mwoga mimi. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni.

Akanitazama akasema, polepole: jambo hili likifika Bukoba, sanduku ni langu, na mimi ndiye nitakayetoka kazini kwanza. Ni kweli. Hajasema uongo.

Jumanne, 20 Februari

Springi mpya haipo Biharamulo nzima. Nimepiga simu Bukoba, laini ya jeshi imeshika. Mzee Athumani amechagua katika springi kuukuu sita, akapata moja isiyo na ufa. Itabeba, anasema, lakini si kwa tani saba. Nne, labda.

Deo hanisalimu. Mluzi kauacha.

Nimemweleza Mzee Athumani habari ya ng'ombe wa mahari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba na kwao Waislamu muuzaji akijua kasoro ya kitu lazima aiseme. Hatukuahidiana lolote.

Jumamosi, 24 Februari

Niandike yote.

Walifika kwa basi saa tatu, watu watano. Mwenyekiti wa kijiji na koti lake jeusi. Dereva wao, mtu wa makamo aliyeendesha trekta la misheni. Wanawake wawili wa kamati. Na Mzee Kabura, ambaye ng'ombe wa mahari wa Keza hupita mikononi mwake. Kaja na fimbo. Nilipoiona fimbo nikajua sijakosea, lile swali litaulizwa.

Meneja alihutubia. Vita, kujitegemea, kufunga mkanda. Deo alisimama ameshika karatasi. Mzee Kabura hakusikiliza hotuba, alikuwa analizunguka lori. Akapapasa madigadi ya mbele. Akainama kutazama tairi kama anayetazama kwato. Akafuta vumbi kwenye taa kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umefurahi mpaka nikashindwa kuutazama.

Kisha akasimama mbele ya lori, akauliza kwa Kihangaza chetu, halafu kwa Kiswahili, kwa heshima ya wenyeji:

"Mwenye ng'ombe ana la kusema?"

Deo akacheka. "Hana, Mzee wangu. Ni jipya."

Mwenyekiti akapokea kalamu.

Nikasema, "Ninalo."

Nikajitaja: Adela wa Ntobeye, binti wa fulani, mtunza stoo. Nikasema lori hili lilivuliwa. Stata, jenereta, nozeli na klachi zilitolewa zikawekwa kuukuu, na zilitolewa kwa sababu mimi nilizificha mpya nikasema hamna. Hizo zimerudi, mpya kabisa. Springi haijarudi. Na vifaa havijakamilika.

Mwenyekiti akaiweka kalamu chini.

"Misimu mitatu," akasema. "Misimu mitatu tunatoa kahawa midomoni mwa watoto, nanyi mnatupa lori lililotafunwa?"

Mwanamke mmoja wa kamati alianza kukusanya vitu vyake. Nikaona wanaondoka bila lori, na nimeliharibu mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ndipo Mzee Athumani akatoka mbele na daftari. Akasoma kila mstari. Siku, kitu, kilikokwenda. Hakuruka hata kimoja, na hakumtaja mtu ila yeye mwenyewe. Alipofika kwenye springi, Mzee Kabura akamkatiza.

"Na hiyo springi mpya yetu iko wapi sasa?"

"Iko Uganda, kaka. Chini ya lori la jeshi."

Keza nao wana watoto huko. Mzee Kabura akaegemea fimbo yake.

"Basi," akasema, "tulichanga vijana, tukachanga maharage. Kumbe tumechanga na springi."

Yule mama aliyekuwa anakusanya vitu ndiye aliyecheka kwanza. Kisha wote. Mwenyekiti alijitahidi asicheke, akashindwa.

Lakini Mzee Kabura hakuwa amemaliza. Akamgeukia Deo. "Nawe mwanangu? Wenzako wamesema."

Deo akafuta jasho. Meneja akakohoa. Ua mzima ulimngoja. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, kwamba tairi na jeki viko Nyakahura.

"Kwa nani?"

"Kwa shemeji yangu."

"Havijambo huko?"

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Deo akasema watapita Nyakahura njiani, wanaweza kuvichukua. Mzee Kabura akasema vizuri sana, tutapita na wewe.

Walizungumza kando, wao kwa wao. Wakarudi na masharti. Wanalichukua, kwa kuwa kilema kimetajwa. Hawatapakia zaidi ya tani nne. Springi ya kwanza itakayofika Biharamulo ni ya Keza kabla ya mtu yeyote. Mwenyekiti akayaandika hayo kwenye hati, akafuta neno "kamili", Meneja akatia sahihi kama aliyemeza kwinini.

Mzee Kabura akaligonga lori kwa fimbo, taratibu, kama anayemswaga ng'ombe. Likawaka mara moja. Likavuka geti na Deo juu, amekaa katikati ya wale wanawake wa kamati, ameshikilia kofia.

Mzee Athumani akaniletea kopo la maji. Akasema ile radhi amekwisha kuifikiria.

Meneja amesema Jumatatu niende ofisini.

Jumapili, 25 Februari

Nimelala mpaka saa mbili. Sijalala hivyo tangu Krismasi. Kama nitafukuzwa nitarudi Ntobeye kulima maharage. Najua kulima.

Jumatatu, 12 Machi

Barua ya Bukoba imefika. Nimeifungua nimesimama. Onyo kali, la maandishi, kwa wote watatu, na kwangu limepigiwa mstari. Sikufukuzwa. Inasemekana Mwenyekiti wa Keza aliandika barua yake nayo ikatangulia ya Meneja. Sijui ameandika nini. Nimeisoma yangu mara nne nikaikunja.

Kuanzia sasa idara inahesabiwa na idara nyingine. Kila Jumamosi Mzee Athumani anahesabu stoo yangu, mimi nahesabu magari ya Mauzo, Deo anahesabu karakana. Deo alirudi toka Nyakahura na nundu. Anasema alijigonga kwenye jeki. Hatukumuuliza zaidi.

Jumamosi iliyopita Mzee Athumani alichungulia chini ya meza yangu bila kuomba ruhusa. Nilikasirika. Kisha nikamsogezea kiti aone vizuri.

Tumeelewana na karakana: wakihitaji kimoja wanaomba kimoja. Wiki ya kwanza waliomba viwili, nikarudisha hati. Wiki hii wameomba kimoja, nikatoa kimoja. Inachosha. Lakini inakwenda.

Ijumaa, 20 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kampala imeanguka wiki iliyopita na watu bado wanaimba barabarani na matope yao.

Mawili leo. Kwanza, Mzee Athumani kapata barua. Hamisi mzima, amepigwa na homa tu. Mzee aliisoma kwa sauti karakana nzima, hata sehemu ya kuomba atumiwe viatu.

Pili, springi zimefika, mbili. Lori la pamba lilikuwa linangoja, na lori la mtu mkubwa fulani lilikuwa linangoja, na huyo alikuja mwenyewe na gari dogo akanong'ona na Meneja. Deo ndiye aliyetoa ile hati kwenye faili. Nasema Deo! Akaiweka mezani mbele ya wote wawili, akaonyesha mstari kwa kidole. Ya kwanza, Keza.

Dereva wa Keza ataifuata Alhamisi ijayo, Deo anasema amekwisha kumtumia salamu kwa basi. Habari alizopata Deo kwa kondakta ni kwamba lori limepeleka wagonjwa tisa hospitali tangu Februari, watatu wajawazito. Wote wamefika. Nilitoka nje kidogo kwenye mvua.

Jumanne, 12 Juni

Jua, upepo kidogo. Lori la Keza limekuja kwa huduma.

Rangi imepauka. Madigadi ya kulia imebonyea, dereva anasema ni mgomba. Maili elfu tatu mia nne na kumi. Springi mpya imekaa vizuri.

Mzee Athumani alifungua magurudumu akaniita. Viatu vya breki vimekwisha. Akanipa mkononi, bado vya moto. Vimelika sawasawa, kushoto na kulia, mpaka kwenye chuma. Dereva akaanza kujitetea, milima ya kwetu mama, na kahawa imeanza kuiva. Nikamwambia asijitetee.

Miaka sita nimepokea spea kuukuu bila kujua zimezeekea wapi. Hivi najua. Hakuna mkono wa mtu uliovigusa. Vimeliwa na milima ya Keza.

Nimemwandikia vipya, vikafungwa, dereva kaondoka saa saba. Nimekula ndizi na maharage mgahawani kwa Mama Zuhura, ng'ambo ya barabara.